Tiketi Mbili, Watu Watatu

"Tiketi moja tu?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Fundi aliweka bisibisi juu ya meza ya kukatia nguo, polepole, kwa hasira ya mtu aliyelelewa vizuri. Mama Chiriku akajua hapo hapo kwamba ameumbuka.

"Leo nilikuwa shuleni nafunga taa za jukwaa," alisema Fundi. "Karani amepita na boksi la tiketi za mchezo wa Krismasi, anajisifu. Mbili kila mtoto, bila upendeleo."

Cherehani ikanyamaza.

Mama Chiriku alikuwa mjane, mshonaji, na mwanawe wa kike aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Fundi alikuja mara ya kwanza kutengeneza mota ya cherehani iliyokuwa ikimpiga shoti mama mtu. Mota ikapona, shoti ikahamia moyoni. Majirani walijua, mteja wa vifungo alijua, hata Chiriku alijua. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu: mama mkwe.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" Fundi aliuliza.

"Ya Mama."

"Na Mama anajua kwamba mimi nipo duniani?"

Mama Chiriku alianza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Mwaka mzima, akibisha hodi, mimi naokota mfuko wa vifaa najifanya nimekuja kutazama soketi. Soketi zako zimetazamwa mpaka zina haya!"

"Fundi, yule mama alimzika mwanawe wa pekee. Hakunifukuza, hakuninyang'anya kitu. Alinishika mkono akaniambia, sasa mwanangu ni wewe. Nitaanzia wapi kumwambia nafasi ya mwanawe imepata mtu?"

"Sitaki nafasi ya marehemu. Nataka kiti kimoja."

"Lakini utakuwa ukumbini! Na taa zako, nyuma ya pazia, utamwona mtoto kuliko sisi wote. Kiti ni kiti tu."

"Kiti ni kiti tu kwa aliye nacho."

Alibeba mfuko wake. Mlangoni aligeuka.

"Kikipatikana, nipigie. Kisipopatikana, usinipigie tena. Nitakuwa nimeelewa."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake. Mama Chiriku alibaki ametumbulia macho bisibisi aliyoisahau. Aliogopa kwamba hata hiyo hatarudi kuichukua.

Asubuhi alipeleka mavazi ya kondoo shuleni, akamvamia karani.

"Naomba tiketi ya tatu."

"Wewe na nani? Kila mtu ana shangazi anayetoka mbali."

"Zinazorudishwa je?"

"Nani arudishe? Watu wanazificha kuliko hati za nyumba. Na nikwambie mapema, mchezo ukianza, kiti kitupu anapewa aliyesimama mlangoni. Sijali ni cha nani." Karani alipokea kondoo wa mwisho, akalainisha sauti. "Wewe wasiwasi wa nini? Siku hiyo utakuwa nyuma unawavisha watoto. Chako nakuwekea kwa sababu ni haki yako tu."

Mama Chiriku alisimama pale, mikono mitupu. Kumbe kiti kilikuwepo. Kilikuwa chake mwenyewe. Tatizo ni kwamba viti vya mtoto mmoja huwa jirani, bega kwa bega, na bega la pili lilikuwa la mama mkwe.

Alipiga simu kabla ujasiri haujapoa.

"Mama, shikamoo. Kuna jambo."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Hapana. Ni tiketi. Kiti cha pembeni yako sitakaa mimi. Atakaa Fundi."

"Fundi yupi? Yule wa soketi?"

"Ndiyo, Mama. Ila... hazikuwa soketi."

Alisikia redio ya mama mkwe kwa mbali, kisha ikazimwa.

"Kwa nini unaniambia kwa simu?"

"Ningekutazama usoni nisingeweza."

Simu ikakatwa.

Alilia kidogo, akapangusa uso kwa kipande cha bitana, akamwandikia Fundi: *Kiti kipo. Njoo na shati, si ovaroli.*

Jibu lilikuja: *Na wewe utakaa wapi?*

*Nyuma ya pazia. Sasa ni zamu yangu.*

Siku ya mchezo alichungulia kwenye upenyo wa pazia, pini zimemjaa mdomoni. Fundi, taa amemwachia mwalimu mmoja, alikuwa amekaa, shati limefungwa mpaka kooni, anajipangusa viganja kwenye suruali. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Tangu ile simu, mama mkwe hakuwa amepokea wala kujibu ujumbe. Je, kama kwa ajili ya kiti kimoja amempoteza mama?

"Bibi amekuja?" Chiriku aliuliza, nyota ya vitaa kichwani. Waya alikunja Fundi, kitambaa alishona mama.

"Yuko njiani. Tulia, nitakuchoma."

"Nina maneno manne tu. Mwalimu kasema nikiongeza ananitoa."

"Basi usiongeze."

Taa za ukumbi zilikuwa zinafifia ndipo mama mkwe akaingia, ndani ya gauni la buluu aliloshonewa na Mama Chiriku. Mkoba wake mweusi ulikuwa kwapani. Mkoba huo hakuwahi kuuachia, hata mezani aliupakata. Alikaa bila kugeuza shingo. Midomo ya Fundi ilitamka shikamoo. Ya bibi ilicheza kidogo, labda anaitikia, labda anarekebisha meno ya bandia.

Chiriku akaingia jukwaani. Nyota haikuwaka.

Mtoto alishika kichwa. Akashika tena. Mtu mmoja ukumbini akacheka, na mdomo wa Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ukakosa neno. Mama mtu angeweza kushona nyota upya gizani, lakini waya hakuujua.

Fundi aliinuka nusu, akasita. Mlangoni alisimama baba mmoja mnene, macho yake kwenye viti. Mama Chiriku alimwona mama mkwe akimwinamia Fundi, akisema kitu, uso mkavu.

Fundi akaondoka mbio. *Amemfukuza*, alijiambia Mama Chiriku.

Lakini Fundi hakwenda mlangoni. Alipanda jukwaani mbele ya watu wote, akapiga magoti, akaubana waya kwa meno na vidole. Nyota ikawaka.

"Nifuateni, mimi najua njia!" alipaza sauti Chiriku. Halafu, kwa kuwa ni Chiriku: "Asante, Fundi!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Chini, yule baba mnene alikuwa tayari anakiendea kiti. Mama mkwe alichukua mkoba wake, akauweka juu ya kile kiti. Baba alisema neno. Bibi akatikisa kichwa. Akasema tena, bibi akatikisa tena, kiganja kimeukandamiza mkoba mpaka Fundi aliporudi.

Nyuma ya pazia Mama Chiriku alitema pini zote akalia.

Watu walipotoka, alimfuata mama mkwe kwenye korido.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aende, mtoto anangoja. Akaniuliza, na kiti changu? Mtu mzima na ndevu zake! Nikamwambia nenda, nakulindia."

"Mama, nisamehe."

"Soketi gani zinaharibika kila Jumamosi? Mimi ni mzee, si kipofu. Nilikuwa nangoja uniambie. Nimekasirika, na bado nina hasira, kwa sababu ulidhani nitakuacha." Sauti ilimkatika, akakohoa kuificha. "Nilimzika mwanangu. Wewe sikukuzika."

Walikumbatiana pale pale, watu wanapita, Chiriku anawaambia wapitao kwamba hawa ni wa kwake.

Fundi alisimama pembeni, hajui aende au abaki. Mama mkwe alijifuta macho, akamkazia.

"Wewe."

"Naam, Mama."

"Jumamosi uje chakula cha mchana. Uingilie mlango wa mbele. Na huo mfuko wa vifaa uuache kwako, soketi zimepona."