Kiti cha Wazazi

Natangaza rasmi, kwa wote wenye masikio, na hata wale ambao hawajayasafisha tangu muhula uliopita, kwamba penzi kuu la zama hizi lilizaliwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mkubwa wa chuo kikuu, mbele ya umati na wakuu wa idara. Lilizaliwa kwa sababu mwanaume mmoja alikaa kwenye kiti kisicho chake, akaona haya kuinuka.

Ilikuwa siku ya kuwapokea wanafunzi watarajiwa. Nyuma ya meza ya uhandisi alisimama binti aliyeanza muhula wake wa mwisho wiki hiyo hiyo. Nywele alizifunga kwa kalamu, na alivaa sketi ya jinzi na fulana ya njano yenye maneno NIULIZE MIMI kifuani. Wenzake walishamwita Niulize, naye aliitika, maana alipenda kuulizwa kuliko kula. Mbele yake kulikuwa na viti vyenye mito kwa ajili ya wazazi, na mabenchi kwa ajili ya wanaotaka kusoma.

Akatokea fundi wa lifti. Mji mzima alikuwa akiupandisha juu, kisha yeye akirudi chini na spana yake. Siku hiyo alivaa suti, ile moja ya harusi na misiba, na katika mfuko wa ndani alikuwa na cheti chake cha sekondari, kimekunjwa mpaka kimechoka. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuja kuomba nafasi ya kusoma. Sentensi ya kuombea alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo cha lifti, kupanda na kushuka.

"Karibu, mzazi," Niulize akasema, akimsogezea kiti chenye mto. "Mtoto yuko wapi?"

Fundi aliyatazama mabenchi. Yalijaa vijana ambao ndevu zao zilikuwa bado zinashauriana kama ziote. Sentensi yake ikarudi tumboni.

"Yupo nyumbani," akasema. "Ana kikohozi."

Hapo ndipo alipopata mtoto, bila mimba wala mkunga. Niulize akampa nasaha za wazazi: asimchagulie mtoto, asimlinganishe na wa jirani, amuulize moyo wake unataka nini. Fundi nusura alie, maana yeye hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaondoka na namba ya simu ya binti, ili mtoto akipona apige.

Mtoto hakupiga. Alipiga baba. Simu yake ilikuwa imekufa sikio, ikizungumza kwa sauti ya kujaza chumba kizima. Mtoto anauliza kama hesabu alizosahau mtu huwa zinarudi. Niulize akasema hesabu ni kama paka, ziachie mlango wazi tu. Mtoto anaogopa kuchekwa na wenye akili nyepesi kuliko zake. Niulize akasema yeye mwenyewe alilia mwaka wa kwanza wote, na leo anatoa ushauri. Baada ya wiki mbili walikuwa wakitaniana mpaka mtoto anasahaulika, anakumbukwa mwishoni kama salamu za nyumbani.

Niulize naye alikuwa na aibu yake. Alijikuta akijipaka manukato kabla ya kupokea simu, kana kwamba harufu nayo ina mtandao. Mume wa mtu, alijiambia, tena baba wa mtu. Jioni moja akajikaza.

"Mama yake mtoto anasemaje kuhusu chuo?"

"Hayupo," fundi akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Sauti ya binti ikalainika. "Sikujua. Poleni sana."

Fundi alifungua kinywa kurekebisha, kinywa kikajifunga chenyewe. Ndivyo alivyofiwa na mke ambaye hakuwahi kumuoa. Upande wa pili, Niulize alimlilia marehemu kwa machozi ya kweli, na ndani ya machozi hayo palikuwa na furaha kidogo iliyomfanya ajione mchawi.

Siku za kupokea maombi zilipokaribia kwisha, Niulize akasema lazima amuone mtoto. Fundi, maji yakiwa shingoni, akaenda kwa dada yake akaazima mtoto.

Walikutana kantini ya chuo, Jumatano mchana. Mtoto alivaa shati lililoonja pasi kwa mara ya kwanza, na akaigiza kupita kiasi. Alimwita fundi "baba mpendwa." Alikohoa kwenye leso, akasema kwa sauti ya kaburini kwamba kikohozi hiki hiki ndicho kilichomchukua mama. Fundi akamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Niulize aliweka kikombe chini, akaushika mkono wa mtoto kwa mikono yake yote miwili. Akamwambia kwamba yeye pia alilelewa bila mama, kwamba anaijua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa jioni, na kwamba tangu leo asijihesabu hana dada.

Mtoto akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Kisha akasema, "Mjomba, twende nyumbani."

Niulize aliutazama mkono alioushika, akautazama uso wa fundi. Hakupandisha sauti.

"Nimemlilia," akasema. "Mtu ambaye hakuwahi kuwepo, nimemlilia."

Akachukua mkoba wake akatoka. Fundi akampigia simu, ikaita na kuita, bila wa kupokea.

Jumamosi ya mwisho ya maombi, ukumbi ulijaa tena. Fundi aliingia na ovaroli yenye grisi, spana mfukoni, akavipita viti vyenye mito, akajibana kwenye benchi katikati ya vijana wawili, magoti yakimfikia kifuani. Foleni ikasogea mpaka zamu yake.

"Mtoto yuko wapi?" Niulize akauliza, bila kuinua macho.

"Ndiye mimi."

Akatoa cheti. Akasema yote mbele ya benchi zima: hesabu zilizosahaulika ni zake, hofu ya kuchekwa ni yake, mke hakuwepo, na mtoto ni wa dada yake. Kijana mmoja akacheka. Fundi hakuinuka.

Niulize alikinyoosha kile cheti polepole kwa kiganja.

"Nawaambia watu kila siku kwamba elimu haina mwisho," akasema. "Wewe ukaja na suti, nikakupeleka kwa wazazi kabla hujafungua mdomo. Uliyepaswa kuulizwa ni wewe, mimi nikamuulizia mtoto. Hilo nimelionea aibu kuliko machozi yangu."

"Nikuulize kitu sasa?"

"Uliza."

"Wewe unatoka, mimi naingia. Ina maana tutapishana mlangoni tu?"

"Na wewe si fundi wa lifti? Weka mguu, mlango usifunge."

Akauweka. Ndoa itafuata mitihani.

Sasa msomaji mwerevu atauliza nimejuaje ya simuni. Msimulizi mkubwa hujua yote. Au basi, jioni nyingi alikuwa akija kulala godoroni chumbani kwa fundi, akisubiri matokeo ya mtihani na kujifanya anakoroma, na mengine mkaza mjomba wake mtarajiwa alimsimulia baadaye. Haya. Mtoto ni mimi. Na lile neno "mjomba," ambalo wote wanadhani liliniponyoka, halikuniponyoka. Bwenini niliwahi kutangaza kifo cha mwalimu wa zamu, naye akiwa bafuni anaimba, sikuona haya hata chembe. Lakini mikono ile miwili ilikuwa na joto, na mama yangu, mzima wa afya, alikuwa nyumbani amenifunikia chakula. Nikaona haya, nikalitoa.

Nilipanga kumaliza kwa fahari. Ila kuna mtu anasoma nyuma ya bega langu tangu nilipoandika ya kantini, na sasa hivi amekohoa.

"Kwa hiyo," anasema mama, "mimi nilikufa lini?"

Jumatano, mama. Mchana. Naomba unisamehe.