Kivuli cha Karavani

Enyi majirani zangu wa hapa Keimoes, Afrika Kusini, na ninyi wa mbali mnaosoma, nawasimulia habari ya kiwanja kinachopakana na chetu, kwa Gawie Beukes. Sitaipamba, kwa sababu haipambiki.

Jumamosi jioni kiwanja kile kilikuwa kizuri kukitazama. Moshi wa nyama ya kondoo ulipanda juu ya ukuta. Mama yake Gawie, Bibi Drieka, alikaa mbele ya chumba chake cha mabati nyuma ya nyumba, chini ya mzabibu uliotambazwa juu ya nguzo hadi mlangoni. Marehemu mumewe aliupanda walipoanza maisha katika chumba hicho hicho. Gawie alipojenga nyumba ya tofali mbele, bibi alikataa kuhama. Alisema hajaona tofali linalozaa zabibu.

Kisha Gawie akanunua karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari.

Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni. Mnajua desturi yetu: kila Desemba mtaa mzima hufunga nyumba, huvuta karavani hadi pwani, na huko hatukagui bahari, tunakagua karavani za wenzetu. Iliyopauka huchekwa hadi Mwaka Mpya. Na jua la huku halina huruma. Hupausha rangi, hukausha mipira ya madirisha, hupasua matairi. Kwa hiyo Gawie aliipaka nta, akayavika magurudumu vitambaa vyeupe, na mbele ya madirisha akaweka karatasi za kung'aa. Hadi hapo, hakuna wa kumlaumu.

Lakini aliiegesha nyuma, karibu na mzabibu. Ndege wakala zabibu, wakaichafua. Utomvu ukadondoka, ukaacha madoa.

"Mama, huu mzabibu nitaukata," alisema.

"Ukate mkono wangu kwanza."

"Mama, usianze. Nitaweka neti ya kivuli, kubwa, nzuri."

"Juu yangu?"

"Juu ya karavani. Kibaraza chako nitakijenga baada ya Krismasi."

Aliukata siku hiyo hiyo kwa msumeno. Bibi alisimama mlangoni, na ndege wakazunguka wakitafuta pa kutua.

Neti ya kijani ikatandazwa juu ya karavani, ikakazwa kwa kamba pembe zote nne. Majirani wakaja kuisifu. Shangazi Fya, ambaye hajawahi kufunga mdomo wake kwa heshima ya mtu, akauliza, "Gawie, na kofia utaivalisha lini?" Watu wakacheka. Bibi Drieka akaketi kwenye kiti chake juani, akasema polepole, "Ningezaliwa na magurudumu, mwanangu, nami ningepata kivuli." Watu wakacheka zaidi. Msomaji wangu, kile kilikuwa kilio, nasi tulikisikia kama mzaha.

Joto la Desemba likaingia, lile la kuunguza mkono kwenye kitasa cha mlango. Mabati ya chumba cha bibi yalilia yakitanuka. Alianza kusogeza kiti chake chini ya neti, ubavuni mwa karavani. Gawie akamkuta.

"Mama, mgongo wa kiti unakwaruza rangi."

"Nitakaa mbali kidogo."

"Ukikaa mbali kidogo unaegemea kamba, neti inalegea. Kaa chumbani, fungua dirisha."

"Dirishani unaingia moto, Gawie."

"Mama, ni wiki chache tu."

Leonore, mkewe, alimwambia, "Basi mwachie ufunguo wa nyumba, akae ndani tukiwa kazini."

"Aliwahi kuusahau mlangoni. Unataka tuibiwe?"

Kila asubuhi wakafunga geti la chuma la mlango mkuu, wakaenda kiwandani kufungasha zabibu, na bibi akabaki uani na ndoo yake ya maji.

Siku moja mchana nilikuwa naanua nguo. Bibi Drieka alikuwa na kawaida ya kuimba nyimbo za kanisani mchana, kwa sauti mbovu na bila aibu. Siku hiyo kimya. Nikaita juu ya ukuta, hakuitika. Nikaruka ukuta.

Chumba kilikuwa wazi, kitupu. Kiti kilikuwa juani. Kisha nikaona viatu vyake, vimepangwa vizuri kando ya gurudumu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Alikuwa ametambaa chini ya karavani. Alikuwa amevua kitambaa kimoja cha gurudumu, akakilowesha kwenye ndoo, akajifunika kichwa. Kitambaa kilikuwa kimeshakauka. Nilimvuta nje, nikamwita, nikammwagia maji. Midomo yake ilisogea, neno halikutoka. Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa hai, likafika hospitali na mwili tu.

Gawie alikuja mbio akiwa hajaambiwa lote. Alipita lango la kiwanja, akatazama nyuma ya nyumba, na jambo la kwanza alilouliza ni hili:

"Nani kavua kitambaa cha gurudumu?"

"Mama yako," nilimjibu.

Akaviona viatu. Akakaa chini hapo hapo, kwenye vumbi.

Siku ya mazishi wageni walikuwa wengi, na kahawa ilipaswa kunywewa uani. Gawie na shemeji yake wakaisukuma karavani kwa mikono hadi barabarani. Haikuwa kazi ngumu. Nilisimama nikitazama jinsi ilivyokuwa nyepesi. Viti vikapangwa chini ya neti, tukala, tukanywa kivulini, na karavani ikakaa juani hadi jioni.

Mafunzo

Tunzeni mali zenu. Pakeni nta, funikeni matairi, tandazeni neti. Mali isiyotunzwa huoza. Lakini kabla hujakaza kamba ya mwisho, tazama nani amebaki nje ya kivuli hicho. Mzee akikueleza shida yake kwa mzaha, usicheke, simama umsikilize. Na usimwahidi kibaraza cha baada ya Krismasi mtu anayeungua leo. Gawie hakumchukia mama yake. Alimpenda, akamweka nyuma ya foleni. Ninyi mnaosema hamfanani naye, nendeni kwanza mkaangalie uani kwenu, mchana, jua likiwa kali.