Kiraka cha Kigali

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, mjini Gisenyi, kwenye mpaka mdogo ambapo watu hutoka Goma na mizigo kichwani wakikanyagana visigino, Nadra alisimama na furushi la vitenge, jasho likimteremka chini ya mtandio wake wa manjano. Alimwita motari, mwendesha pikipiki ya abiria, aliyekuwa karibu. Kijana akazima pikipiki na kumpa kasike, kofia ngumu ya abiria. Nadra akaivaa, akaivua papo hapo.

"Hii kasike inanuka sigara!"

"Pole, dada. Ni abiria."

"Abiria anavutia kwa mudomo yako? Mbona na we unanuka?"

Kijana akajikuna kisogo. "Bon, ni mimi. Naitwa Hakimu. Panda, nitaendesha polepole, upepo itoe harufu."

"Polepole, upepo itatoka wapi?"

Nadra akashindwa kuzuia kicheko, akapanda. Kuanzia siku hiyo hakupanda pikipiki nyingine.

Hata hivyo, harufu ile ilimchoma. Ilikuwa harufu ya koti la marehemu baba yake, Muhamadi, ambaye alimfundisha cherehani na kumwachia mkasi wake. Kila mzee huyo alipokwenda kutibiwa kifua, aliambiwa neno moja: acha. Alijaribu, akashindwa, akaitwa mkaidi, hadi akaona aibu kurudi. Nadra aliapa kwamba hatamzika mume kama alivyomzika baba.

"Umekula, roho yangu?" Hakimu aliuliza kwenye simu kila jioni.

"Nimekula. We umevuta?"

"Yewe! Hata salamu haijaisha!"

"Sikia, Hakimu. Mi siolewi na moshi. Acha sigara, kisha ulete wazee nyumbani."

"Nitaacha, sheri. Haki ya Mungu."

Naye akaacha. Kasike ikaanza kunukia sabuni. Nadra akanunua kitambaa cheupe, akaanza kukata nguo yake ya harusi kwa siri.

Alasiri moja, Hakimu aliegesha pikipiki nje ya atelye, chumba ambamo Nadra alishonea nguo, akaupa mlango mgongo, akazungumza kwenye simu na rafiki yake. Ndani, Nadra alisikia kila neno.

"Jado, kiraka yangu ya Kigali imeisha. Silali, nahangaika tu. Hapana, Nadra hajui, na asijue. Hapa Gisenyi sipati. Bon, nitatafuta ingine Goma."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Katika atelye ile, kiraka kilikuwa na maana mbili: kipande kinachoziba nguo iliyotoboka, na mwanamke ambaye mwanamume humtumia kuziba upweke wake wakati akisubiri kuoa. Mukamana, aliyeshona meza ya pili, akaguna. "Umesikia? Ya Kigali imeisha, sasa ni ya Goma!"

Nadra akatoka nje.

"Hakimu! Kiraka yako ni ya ngapi?"

Rangi ikamtoka Hakimu usoni. "Nani amekuambia? Nilitaka nikuambie kisha arusi."

"Kisha arusi!"

"Usikasirike, mama. Kwa sasa siwezi bila hiyo. Inanisaidia tu. Nitaiacha polepole."

"Ikusaidie kabisa! Nenda Goma!"

Nadra aliichukua kasike aliyokuwa akiwekewa yeye peke yake, akaitupa katikati ya barabara. Simu ya Hakimu hakuipokea tena.

Wiki kadhaa baadaye, katika mkutano wa wananchi, afisa alikuja kueleza mpango wa taifa wa kupambana na tumbaku. Alivaa suti ya kijivu na alisema vizuri. "Sigara inaua. Dawa ni moja tu: kuacha. Anayeshindwa hana nia."

Nadra aliisikia harufu kabla ya kumwona mtu. Hakimu alikuwa amesimama, macho mekundu, shati limekunjamana.

"Mheshimiwa, mi iko na nia. Niliacha miezi tatu." Akapandisha mkono wa shati na kugusa bega. "Hapa nilikuwa nabandika kiraka. Inabandikwa kwa ngozi, inatoa nikotini kidogo kidogo, bila moshi. Muganga wa Kigali alinipa. Ilipoisha nikatafuta hapa yote na Goma, hakuna, na Kigali ni mbali. Sigara iko kila kibanda, moja moja. Kiraka iko wapi? Nimerudia moshi. Na mutu nilikuwa naachia sigara amenitupa juu ya kiraka hii hii!"

Watu wakacheka. Nadra hakucheka. Hasira aliyomwekea Hakimu wiki zote hizo ilimwondokea Hakimu, ikamgeukia yule afisa. Akasimama.

"Mheshimiwa, mi ni fundi wa nguo. Mutu akiniletea nguo imetoboka, simwambii 'acha kutoboka.' Natia kiraka, avae, mpaka apate mupya. Mbona kiraka haiko kwa mupango yenu? Mbona haifiki kwa kituo ya afya?"

"Dada, vitu hivyo vinaweza kuwafanya watu wasiache kabisa."

"Baba yangu aliacha kabisa. Iko kwa kaburi."

Kicheko kikakatika. Afisa akasema kwamba atalipeleka jambo hilo juu. Hakuna aliyempigia makofi.

Nje, Hakimu alikuwa ameegemea pikipiki.

"Ungeniambia," Nadra alisema, hasira haijamtoka.

"Niliona haya. Nilidhani unataka mutu anaacha kwa nguvu yake."

"Na mi nilidhani kiraka ya Kigali ni mwanamuke."

Hakimu akamkodolea macho, kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Nadra akamshika kifua mpaka kikatulia.

"Tutaenda Kigali sote wawili, tuombe ingine. Kisha ulete wazee."

"Na bado navuta?"

"Bado unapigana."

Akatoa utepe wake wa kupimia, akauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa Hakimu, pale pale barabarani. "Koti yako ya arusi, huku nitaacha nafasi."

"Ya nini?"

"Ya kiraka, mujinga yangu."

Nawe uliyesoma hadi hapa, mpe mwenzako asome. Na kama hajui kusoma, keti umsomee, hasa yule ambaye hadi leo anaambiwa neno moja tu: acha.