Futa ya Mikono Kumi na Minne

Pikapu ilizima katikati ya mto, njia ya Maua kwenda Kinna, mahali ambapo asubuhi hiyo hiyo palikuwa na mchanga mtupu. Bulle, dereva, alipiga stata mara tatu. Ya nne, maji yaliingia bila kubisha hodi, yakalisukuma gari hadi likakwama kwenye jiwe, na mguu wake ukabanwa. Abiria wake wawili walipomvuta hadi juu ya paa, goti lilikuwa linaangalia upande mwingine kabisa.

"Nani alisema tuvuke?" Gatwiri akauliza.

"Wewe," Bulle akajibu, meno yamekazana.

Ni kweli. Gatwiri alizaliwa milimani Nyambene, na huko mvua ikija huiona juu ya kichwa chako. Aliona jua kali, akasema twende. Hakujua mvua hunyesha kwao milimani, kisha maji huja kuua watu huku chini.

"Yamefika kwa kioo," akasema Mama Dhahabo, mwajiri wa Gatwiri, anayeuza nguo Maua. Walikuwa wanaenda kumwoza bintiye, Dhahabo.

Ng'ambo, hatua nne tu, mgunga ulishika ukingo kwa mizizi. Gatwiri alitoa leso mbili kwenye mizigo, akazifunga pamoja, akazivuta kupima. Trrraa! Moja ikapasuka kama karatasi.

"Hizo ni za kiwanda," Mama Dhahabo akasema. Alimtazama Bulle, kisha akafungua mfuko aliokuwa ameukumbatia. Ndani mlikuwa na futa ya nyanyake, kitambaa cheupe chenye mistari myekundu, urefu wa mikono kumi na minne, zawadi ya harusi ya Dhahabo.

"Aki, hii alifuma nani?"

"Mzee wa Mogadishu, kwa mkono. Uzi ulikuja kwa meli kutoka Bombay. Mistari waliiga nguo za Maskati, lakini kukaza ni kwao wenyewe."

"Yaani nguo imezunguka bahari yote, na mimi hata Mombasa sijafika?"

"Leo utaoga ya kutosha."

"Sasa waliikaza aje?"

"Gatwiri! Maswali baadaye!"

Lakini vidole vyake vilishaanza kuuliza. Alivuta kwa upana, ikalegea. Akavuta kwa urefu, ikagoma. Nguvu ilikaa kwenye nyuzi za urefu. Akamkumbuka nyanyake akisokota mkonge pajani, uzi wa kiondo, nyuzi mbili zikiumana hadi ziwe moja.

"Mama, shika ncha hiyo. Zungusha kulia, usiachilie."

Wakaisokota futa, wakaisokota na leso zilizobaki, kisha wakaziacha zijizungushe pamoja. Ikawa kamba nene kama mkono wa mtoto. Gatwiri akaifunga kiunoni, Mama Dhahabo akishika ncha ya pili.

"Ukizama, nitakukata mshahara," Mama Dhahabo akasema.

Akaruka. Maji yalimpiga kifuani, yakampeleka, bega likagonga mzizi, akaung'ang'ania kwa kucha. Alipopanda, alizungusha kamba kwenye shina, akakaza miguu matopeni. Mama Dhahabo alifunga ncha ya pili makwapani mwa Bulle, akaishika naye, wakashuka majini. Kamba ililia kwenye gome. Gatwiri alivuta hadi viganja vikachubuka, akisubiri ule mlio wa trrraa.

Haukuja.

Bulle alikuwa bado anatapika maji ukingoni pikapu ilipobingirika, ikaenda na mizigo yote.

Wachungaji waliwakuta kabla jua halijatua, wakampeleka Bulle hospitalini.

Jumamosi, siku ya harusi, futa ilikuwa imefuliwa mara tatu na kupigwa pasi. Ile misokoto ilikataa kutoka. Vijiwimbi vidogo vilikatiza mistari yote, kutoka pindo hadi pindo. Dhahabo alipitisha vidole juu yake.

"Hooyo," akamwita mamake, "mikunjo hii ni ya wapi? Maskati?"

Mama Dhahabo alimtazama Gatwiri, aliyefungwa bandeji mikono yote miwili.

"Hii ni ya Nyambene."

Shangazi mmoja akasogea, akauliza hutengenezwa vipi. Gatwiri akaketi mkekani. Akavuta shuka jipya hadi pajani.

"Shika ncha hiyo," akamwambia. "Zungusha kulia."