Meno Mapya ya Ningi Limbu

Kwetu, pamba ikishauzwa, hakuna anayekaa ndani. Ni ngoma! Makundi mawili ya ngoma yanashindana, Wagalu upande huu, Wagika upande ule, na watu wamejaa katikati. Kila kundi lina ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Hakuna hakimu. Watu wenyewe ndio mahakimu. Ningi akiwafurahisha, wanamkimbilia. Akiwachosha, wanamhama palepale bila kuaga.

Mume wangu Limbu alikuwa ningi wa Wagalu kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mimi ni Milembe, mke wake. Watu wanatuita Baba Nyanda na Mama Nyanda, kwa jina la kifungua mimba wetu. Nakwambia, mzee huyu alipofungua kinywa, hata waliokuwa wanateka maji waliacha ndoo zao wakaja kusikiliza. Mimi mwenyewe alinipatia uwanjani. Nilikwenda kutazama ngoma, nikajikuta nimeolewa!

Lakini mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu, kinywa cha Baba Nyanda kilikuwa kimekwisha. Meno ya juu yalikuwa yameng'oka. Ilibaki mizizi myeusi huku na huku. Sauti ilitoka, maneno hayakutoka. Ilikuwa fyu, fyu, pumzi tupu. Watu wakaanza kuulizana, "Kasemaje?" Jamani, wimbo ukifika mahali pa kuulizwa kasemaje, umekwisha. Watu wote wakahamia kwa Malimi, ningi wa Wagika.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilipopika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa, alivigeuzageuza kinywani kisha akavitoa. Akawa mtu wa uji. Wageni wakija, alijibu salamu huku ameziba mdomo kwa kiganja. Na nyimbo zile za alfajiri, alizokuwa akizitunga anapokamua ng'ombe, zikanyamaza. Niliumia sana. Nyumba yangu ilikuwa kama imefiwa.

Siku moja akaniambia, "Mama Nyanda, huyu Malimi amenitupia dawa. Amenifunga kinywa."

Kwetu maningi wengi wana dawa za kuvuta watu uwanjani. Kwa hiyo ningi akishindwa, wa kwanza kulaumiwa ni dawa ya mwenzake.

"Dawa ya Malimi ndiyo iliyokula meno yako?" nikamuuliza.

"Sasa nini kingine? Sikiliza. Msimu huu nikishindwa tena, naacha ngoma. Kundi nitampa mtu mwingine."

Limbu aache ngoma? Si bora aseme anaacha kupumua!

Jumamosi nikamwendea Domitila. Huyu ni muuguzi wa kitengo cha meno katika hospitali ya mjini. Anaishi Somanda, huko huko mjini, ila shamba la mama yake linapakana na letu, na Jumamosi huja kulima. Nikamkuta na jembe mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, yaani habari za asubuhi, mama, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Acha jembe. Njoo umtazame baba yako."

Domitila akanawa mikono kwa sabuni. Akamkalisha Baba Nyanda juani, akamtazama kinywani. Akabonyeza ufizi kidogo. Mzee akaruka.

"Inauma, baba?"

"Inauma! Ni dawa ya Malimi hiyo."

Domitila akacheka. "Dawa ya Malimi ningeijuaje? Mimi ninachokiona ni mizizi iliyooza na ufizi wenye usaha. Meno yaling'oka kwa sababu ufizi uliugua miaka mingi bila kutibiwa. Kuzeeka peke yake hakung'oi meno, baba. Uchafu ukikaa kwenye ufizi, ndio unaong'oa."

"Basi nifanye nini?"

"Kwanza, niambie wewe unataka nini. Meno ya bandia si lazima. Wapo wazee wanaokula kwa fizi zao, wanaponda chakula, maisha yanaendelea. Wengine wanayatengeneza, kisha yanakaa ndani ya kikombe mwaka mzima kwa sababu hawakutaka kuyazoea. Wewe unayatakia nini?"

Baba Nyanda akasema kwa sauti ndogo, "Nataka nikiimba, watu wasikie neno."

"Hilo linawezekana!" Domitila akasema. Mimi nikapiga kigelegele pale pale, kuku wakatawanyika.

"Mama, subiri kwanza, sijamaliza," Domitila akaniambia. "Mizizi ile itolewe yote. Halafu fizi zipone vizuri. Hiyo ni miezi, si wiki. Baadaye mtakwenda Mwanza, kwa fundi wa meno. Atachukua umbo la kinywa chako mwenyewe, ndipo atengeneze."

"Miezi?" Baba Nyanda akasimama. "Ngoma iko mlangoni!"

"Ngoma ya mwaka huu utatazama tu, baba."

Baba Nyanda akaondoka bila kuaga. Kumwambia ningi atazame tu ni kumtukana.

Sasa wakati ule, ndugu zangu, kila biashara ilikuwa imeachiwa huru. Mitumba ilijaa gulioni: makoti, viatu, mikoba, hata miwani. Bibi mmoja alijaribu miwani rundo zima mpaka akapata iliyomwonyesha njia. Baba Nyanda akaenda gulioni, akarudi anatembea kwa madaha, mdomo ameufunga kabisa.

"Umenunua nini?" nikamuuliza.

Akatabasamu. Mama yangu! Nusura niangushe chungu. Kinywa kizima kilikuwa cheupe pe, meno makubwa kuliko uso wenyewe.

"Meno ya nje hayo," akasema kwa shida. "Muuzaji anasema mtumba wa meno ni kama mtumba wa kiatu. Ukivaa, kinazoea mguu."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye kinywa kilichokuwa kinayavaa!"

Akageuka, akaenda zizini. Nafikiri yeye pia hakutaka kulifikiria jambo hilo.

Siku ya mazoezi ya ngoma, vijana wa Wagalu walijaa uwanjani, wamefurahi kwamba ningi wao amepona. Limbu akaingia, akainua usinga. Akavuta pumzi. Akaimba neno la kwanza, meno yakacheza. Akaimba la pili, meno ya juu yakaruka nje, yakatua kwenye ngoma kubwa. Pu! Mpiga ngoma akakimbia. Vijana walicheka mpaka wakalala chini. Mimi sikucheka, nilimwona mume wangu anavyoyaokota peke yake. Nilitaka kulia.

Kesho yake kinywa chote kilivimba. Hakuweza kunywa hata maji. Nikampandisha baiskeli ya jirani, nikaisukuma mimi mwenyewe hadi hospitali. Domitila alipoona yale meno alishika kiuno.

"Baba! Haya ni ya kinywa cha mtu mwingine!"

"Kiatu hu..." akaanza Limbu.

"Kinywa si mguu! Mguu una ngozi ngumu. Ufizi ni laini. Kila mtu ana umbo lake, hata mapacha hawavaliani meno. Yakikulegea yanasugua, yanakata, vidonda vinaingia uchafu. Na uchafu wa mwenyewe wa zamani umekuja nayo bure."

Daktari wa meno akamtibu. Uvimbe ulipokwisha, Domitila akamuuliza tena, "Sasa baba, tunaacha au tunaendelea?"

Kama angesema tunaacha, nisingemlaumu. Alikuwa ameaibika vya kutosha.

"Tunaendelea," akasema. "Ila kwa njia yako."

Basi mizizi ikatolewa, kwa sindano ya ganzi. Akasukutua kwa maji ya chumvi kama alivyoelekezwa. Msimu ule wa ngoma ukapita. Malimi akamwimba, maana ndiyo kazi ya ningi, kumchokoza mwenzake: "Limbu yuko wapi? Limbu anatafuna uji!" Watu wakacheka. Limbu akavumilia. Usiku huo sikulala vizuri kwa hasira, lakini yeye alilala fofofo.

Fizi zilipopona, tukapanda basi la Mwanza. Basi liliposimama Lamadi, harufu ya sato wa kukaanga ikaingia dirishani. Baba Nyanda akaniambia, "Tukirudi, nitamla mmoja." Nikamwambia tutaona.

Fundi wa meno alimwekea kinywani kitu laini kama unga uliokandwa. Kikaganda, akakitoa, umbo la fizi likabaki humo. Tulirudi tena kujaribu, na tena kuyachukua. Fundi alikuwa anaweka karatasi yenye rangi katikati ya meno, anamwambia, "Uma. Uma tena," kisha anapunguza kidogo hapa na pale. Mwishoni akampa kioo.

Limbu akajitazama. Meno hayakuwa meupe pe. Yalikuwa ya rangi ya meno ya mzee aliyekula vizuri. Akanigeukia, akatabasamu. Nikamwona yule kijana wa uwanjani, yuleyule! Nikalia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Usifikiri kazi iliishia hapo. Siku za kwanza mate yalimjaa, na maneno yaligongana kinywani. "Mama Nyanda, nimetafuna shati!" alilalamika. Sehemu moja ilimsugua. Akachukua tupa ya kunolea jembe, anataka kuyachonga mwenyewe. Nikamnyang'anya, nikampeleka kwa daktari, akarekebisha kwa muda mfupi tu.

Domitila naye akaja kumfundisha, na mimi nikisikiliza. "Anza na vyakula laini, ukate vipande vidogo. Tafuna pande zote mbili kwa pamoja, yasije yakainuka. Jioni yatoe, fizi zipumzike. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni, kisha yalaze kwenye maji safi. Maji ya moto usithubutu, yatapinda. Na unapoyasafisha, weka beseni lenye maji chini, yakikuponyoka yasivunjike."

"Na kuimba?" akauliza Limbu.

"Kuimba ni mazoezi. Sema maneno kwa sauti kila siku, polepole."

Wee! Alisema kwa sauti kila siku kweli. Aliwahutubia ng'ombe zizini. Alitaja majina ya ukoo wote, waliokufa na walio hai. Na alfajiri moja nikiwa kitandani nikasikia wimbo. Mpya! Kila neno limekaa mahali pake. Nikajifunika blanketi nikacheka peke yangu kama msichana.

Pamba ikauzwa. Ngoma ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya matrekta. Malimi alianza, na umati wote ulikuwa kwake. Upande wetu kulikuwa na mbwa na watoto. Limbu akaingia. Akainua usinga.

"Wanunuzi wamekuja na mizani yao," akaimba. "Mizani hii ina usingizi! Unapandisha mfuko wa pamba, haiamki! Unapandisha wa pili, inajigeuza upande, inakoroma!"

Watu wa nyuma wakageuka. Wamesikia! Mkulima gani asiyeijua mizani hiyo ya kupunja? Kicheko kikalipuka. Mmoja akakimbilia upande wetu, kumi wakamfuata, kisha wote, vumbi likapanda. "Limbu! Limbu!" Neno lilifika mpaka kwa wale wa juu ya matrekta. Nami bibi wa wajukuu nikatupa khanga begani, nikaingia katikati ya uwanja, nikacheza mpaka viatu vikabaki nyuma.

Jua lilipokuwa linazama, Malimi alikuja kwetu na jembe jipya mkononi. Kwetu aliyeshindwa humtunza aliyeshinda. "Kaka, leo umenipiga," akasema.

"Kaa, unywe maziwa," Limbu akamwambia.

Malimi akanywa kwa upande mmoja wa mdomo, amekunja uso. Akashika shavu. Mimi na Limbu tukatazamana.

"Jino linakuuma tangu lini?" Limbu akamuuliza.

"Si moja, kaka, ni mengi. Tangu mwaka jana." Akainama. "Nilidhani ni dawa yako."

Hatukucheka, ingawa Mungu anajua nilivyojiuma ulimi. Limbu akasogea karibu naye.

"Fungua kinywa nikuone," akamwambia. "Bado yamesimama haya. Ukitibiwa mapema huenda yakabaki yako mwenyewe. Kesho kutwa nakupeleka kwa Domitila."

"Kama si wewe, nani atanichokoza mwakani?" Limbu akaongeza.

Jumatatu asubuhi wakatoka, Mgalu na Mgika, wameongozana njia ya Somanda. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Walikuwa wanatukanana kwa nyimbo njia nzima, na maneno yote niliyasikia.