Mifupa ya Nahodha Penhallow

Sare ya Nahodha Penhallow ilikuwa imelala ndani ya jeneza la kioo, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Mifupa haikuwamo.

Inspekta Leith Penhallow aliinamia kioo. Aliyeibwa ni babu wa baba yake, nahodha aliyezama na meli yake ya mvuke katika Mto Murray, Australia. Watalii walifurika mji wa Wirrabeena kwa ajili yake.

"Umegusa chochote?" alimuuliza Doyle, mkuu wa makumbusho.

"Nithubutu? Mtafute babu yako, Leith. Tamasha ni Jumamosi. Watu waje kutazama nini, bata?"

Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa. Ila mapazia yalinuka moshi wa majani mabichi ya mkalitusi. Wenyeji wa asili wa mto hufukiza hivyo wanapomhamisha maiti wao. Sasa mwizi gani amfukizie Mzungu?

Chini ya kola Leith aliokota jino. Daktari wa uchunguzi wa maiti alilitazama kwa lenzi.

"Lina mfereji. Huyu alitafuna nyuzi za matete miaka mingi, za kusokotea nyavu. Nahodha wenu alisuka nyavu?"

Leith alikumbuka moshi wa mapazia. Alikwenda kwa Ivy Coombes, mwenyeji wa mto, bibi mtu mzima aliyewatembeza watalii pale makumbusho, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi.

"Shangazi, ufunguo unao wewe na Doyle tu."

"Na Doyle hata viatu hawezi kuinama akafunga."

"Umefukiza mle ndani."

"Ningemtoaje bila moshi? Nijitafutie balaa?"

"Kwa nini umemchukua?"

Macho ya Ivy yalilengwa na machozi. "Miaka yote nawaambia wageni, 'Huyu ndiye nahodha.' Kila nikisema hivyo, kioo kinagongwa kutoka ndani."

 Leith alipokuwa mtoto aliwahi kuusikia mlio huo, na baba yake akamzaba kofi kwa kuusema.

"Ni bibi yangu yule," Ivy aliendelea. "Wakubwa wa mji walitaka kumwekea nahodha jeneza la heshima na maiti wake hawana. Wakafukua kaburi letu. Mama aliwaona wakimbeba mama yake, akaogopa kufungua mdomo. Nimemrudisha mchangani. Wapi, sikwambii. Nifunge ukitaka."

Leith alivua kofia. 

"Na babu yangu, Shangazi?"

"Yuko mtoni, mwanangu. Mlipopata mifupa ya kuonyesha, mliacha kumtafuta."