Profesa Hakungoja Mwisho wa Kipindi

Kila Alhamisi jioni cherehani ya fundi ilinyamaza. Yeye na mkewe walihamia chumba cha nyuma kutazama kipindi cha Sayansi Wiki Hii. Mara nyota, mara nyuki, mara mguu wa bandia unaopanda ngazi. Fundi alikipenda mno. Kesho yake kila mteja alisimuliwa, atake asitake. Ndiyo maana walimwita Profesa.

Fundi alikuwa na kisukari. Alikunywa vidonge vyake kila siku na hali yake ilikuwa nzuri.

Alhamisi moja alitazama peke yake. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Kipindi kilionyesha panya wenye kisukari. Walipewa dawa iliyotengenezwa kwa mdalasini, na sukari yao ikashuka.

"Kumbe dawa yenyewe ni kiungo cha jikoni tu!" fundi alisema.

Akatoka mbio kununua mdalasini kabla duka halijafungwa. Televisheni aliiacha ikiongea na viti.

Tangu hapo akawa anakunywa maji ya mdalasini asubuhi na jioni. Vidonge akaviacha kimyakimya. Alitaka apone kwanza, kisha amshangaze mkewe.

Wiki zikapita. Kiu ikamwandama. Msalani akawa haendi, anahamia. Kisha siku moja mkewe akaokota suruali iliyokwisha kushonwa.

"Mume wangu," alisema akicheka, "mteja akitia hela humu zitakaa vipi?"

Mfuko ulikuwa umeshonwa kichwa chini.

Fundi hakucheka. "Sioni vizuri," alisema. "Uzi nauona kama moshi."

Kicheko kikamkauka mkewe. "Vidonge unakunywa?"

Fundi akainama.

"Baba Watoto, si nakuuliza?"

Akaeleza yote, panya na mdalasini. Mkewe hakugomba. Alijifunga khanga vizuri akaenda kumwita jirani yao, muuguzi wa kliniki.

Muuguzi alikuja na kipimo chake. Akamtoboa fundi kidole, akaweka tone la damu, akasoma.

"Shemeji, sukari imepanda sana. Kesho asubuhi twende wote kliniki, daktari akuone."

"Na macho?" Fundi aliogopa kweli. Macho ndiyo yaliyolisha nyumba ile.

"Sukari ikizidi, jicho huvimba kidogo ndani, ukaona ukungu. Ikishuka, mara nyingi ukungu huondoka taratibu. Lakini ukiiacha juu miaka, jicho huharibika kabisa."

"Mbona wale panya walipona?"

"Hebu tukitazame hicho kipindi."

Muuguzi akakitafuta kwenye simu yake. Wakatazama vichwa vimegusana. Panya wakapita. Kisha mtangazaji akasema: "Lakini utafiti huu bado haujafanywa kwa watu. Wagonjwa wasiache dawa zao."

Fundi akashika kichwa. "Hayo mimi sikuyasikia!"

"Ulikuwa dukani," mkewe alisema.

"Sasa kwa nini wanahangaika na panya?" fundi aliuliza. Hata hofu haikummaliza hamu ya kujua.

"Swali zuri," muuguzi alisema. "Mwili wa panya unafanana na wetu kwa mengi, si kwa yote. Ni hatua ya kwanza tu. Dawa nyingi huwafaa panya, zikifika kwa watu zinashindwa. Kwa hiyo ukisikia habari mpya, uliza: wamejaribu kwa nani? Watu wangapi? Je, wengine wamerudia wakapata jibu lilelile? Na dawa yako usiibadili kabla hujaongea na daktari."

"Nimekoma, shemeji."

"Usikome kutazama. Koma kukimbia."

Kesho yake alikwenda kliniki, akarudia vidonge. Sukari ikashuka. Ukungu ukapungua kidogokidogo, mpaka siku moja akamwita mkewe amwonyeshe pindo jembamba alilolishona bila msaada. Mkewe alilishika muda mrefu. Machozi yalimlenga.

Alhamisi iliyofuata chumba kilijaa. Kipindi kilionyesha panya wasio na manyoya, wakapakwa mafuta, manyoya yakaota. Fundi viatu wa jirani, aliyeitwa Kipara kwa sababu inayojulikana, akainuka huku akitafuta ndara zake.

"Mafuta hayo yanauzwa wapi?"

Profesa akamshika shati.

"Kaa chini, ndugu yangu. Hawajafika kwenye 'lakini'."